Mkuki una macho: barua ya wazi kwa wasimamizi wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa maafisa uvuvi wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa,
Kwa wenyeviti wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi, wa mialo yote ya ziwa.

Waheshimiwa, salamu kutoka Kigoma. Sisi wazima, ila mikuki yetu haipo.

Asubuhi moja ya Septemba tulitoka majini watu wanne, vidole vimekunjamana kama vya wazee, tukamkuta afisa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa akitusubiri. Hakuwa mkali. Alitusalimia vizuri, akatuuliza habari za chini, akaunyanyua mtungo wetu wa samaki sita akausifu. Kisha akachukua mikuki yetu akaitupa juu ya lundo la makokoro, zile nyavu za kuburuza, yaliyokuwa yanangoja kuchomwa moto. "Bunduki za mishale ni zana haramu," akasema. Mwenzetu akamweleza kwa adabu kwamba ile si bunduki, haina mtutu wala kifyatulio, ni ufito na mpira. Afisa akafungua daftari lake la fomu, akaipitia moja kutoka juu mpaka chini, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika barua hii: "Humu hakuna mkuki, mdogo wangu. Naandika kinachofanana nao."

Simlaumu yeye, na ndiyo maana sitaji mwalo wala tarehe. Mtu akipewa fomu isiyo na jina la kitu alichokishika mkononi, ataandika jina la jirani yake. Nawaandikia ninyi kwa kuwa kalamu ya kanuni iko kwenu.

Niwaambie kwanza sisi ni nani, msije mkadhani ni kundi la wahuni waliojificha nyuma ya mawe. Mmoja ni fundi pikipiki. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa tatu ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu. Mimi nauza misumari, bati na saruji katika duka la mjomba. Hakuna kati yetu anayeishi kwa uvuvi, lakini wote tumelelewa na ziwa. Kuogelea tulijua kabla ya kusoma. Jumamosi ndiyo siku yetu, hasa zile za mbalamwezi. Mnajua wenyewe: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi wa dagaa hazifui dafu, vipe, vyombo vyao, vinapumzika, wanaume wanashona nyavu, na sokoni kitoweo kinapanda bei. Wiki hiyo ndiyo sisi huingia majini mchana, tukarudi na samaki mmoja mmoja kwa kila nyumba, na wa ziada kwa mama mkwe wa mwalimu, ambaye hasahau.

Zana yetu tunaiita mkuki wa manati. Ni ufito wenye urefu wa mtu, mbele una chembe ya chuma yenye meno matatu, nyuma una kitanzi cha mpira wa ndani wa baiskeli. Unavuta mpira mpaka kwenye kidole gumba, unaukaba ufito kwa kiganja, na ukiuachia unakwenda mbele hatua mbili, basi. Zaidi ya hapo umekosa. Ongeza miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, mapezi ya miguuni, mkanda wenye vipande vichache vya madini ya risasi vya kukuzamisha, na dumu la njano la lita 20 lililofungwa kamba liwe boya. Hakuna mtungi wa hewa. Hakuna kompresa. Hewa ni ile uliyoibeba kifuani.

Hata risasi tunaifunga kwa kupima. Rafiki mmoja alitutembelea kutoka Mafia, kijana wa baharini, akafunga mkanda wake aliouzoea. Alizama kama nanga, akarudi juu anahema, akatuuliza ziwa letu lina nini. Halina chumvi, hilo tu. Maji baridi hayambebi mtu kama bahari inavyombeba. Risasi inayofaa Mafia huku ni nyingi mno. Tulicheka sana siku ile, lakini ndilo jambo la kwanza tunalomfundisha kila mgeni.

Siwaandikii kuwapa somo la jiografia. Mnajua kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na kwamba ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Ila kuna jambo ambalo namba hiyo kubwa hulificha. Chini ya mita mia moja hadi mia mbili hivi hewa ya oksijeni inakwisha kabisa, na samaki hawaishi huko. Ziwa letu lenye kina kuliko kawaida ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo watu wanakaa dari tu. Na wale samaki wa mawe, wale wa rangi rangi ambao zaidi ya aina mia mbili zao hazipatikani popote pengine duniani, wanakaa kwenye ukingo wa dari hiyo: ufukweni, mita chache chini, mwamba kwa mwamba. Hapo ndipo mtu mwenye pumzi moja hufika. Hapo pia ndipo kokoro linapoburuzwa.

Sasa niseme neno langu lenyewe. Wavu hauoni. Kwa hiyo sheria ya wavu ni sheria ya matundu: mnapima ukubwa wa tundu kwa sababu hamwezi kumwambia wavu amwache mjamzito. Kule Ziwa Victoria mmemwekea sangara kipimo, asipungue sentimita 50, na mvuvi anajua kipimo hicho akiwa ameshamtoa majini na ameshakufa. Mkuki una macho. Mtu aliyeshika mkuki anamwona samaki kabla hajamgusa: ni nani, ana ukubwa gani, yuko peke yake au ana watoto. Zana ya namna hiyo inafaa itungiwe sheria ya macho, yaani sheria ya nani apigwe na nani aachwe. Mkiiweka kapu moja na kokoro mnapoteza zana pekee ambayo inaweza kutii amri ikiwa bado chini ya maji.

Nasema "inaweza kutii" kwa sababu leo haitii. Na hapa inabidi nijitoe mwenyewe mbele yenu.

Mnamjua kuhe. Ndiye mkubwa wa jamii yake humu ziwani, anapita nusu mita, mwili wa manjano, nyama yake ikikaangwa harufu inavuka uzio. Kuhe akiwa peke yake ni mwindaji, ana mbio, anakuona wewe kabla hujamwona. Mwaka mzima unaweza usimguse hata mmoja. Lakini kuhe akizaa anakuwa mtu mwingine. Dume na jike wanachagua mahali, wanataga mayai kwa maelfu, na yakiangua wote wawili wanakaa kulinda. Watoto wanaelea kama wingu dogo la vumbi, wazazi mmoja huku mmoja kule. Wakati huo hakimbii. Ukimsogelea anakugeuzia uso. Ukimsogelea zaidi anakuja yeye. Zaidi ya hayo, wapo wataalamu wanaoamini kwamba kuhe huzaa mara moja tu katika maisha yake, kisha basi. Lile wingu ndilo kila alichonacho.

Miaka mitatu iliyopita mmoja wetu alimpiga dume la kuhe akiwa na watoto. Sitasema ni nani. Tulikuwa wanne na wote tulishangilia. Lilikuwa samaki kubwa kuliko lolote tulilowahi kutoa. Mimi nilikuwa juu nikitazama kwa miwani, kwa hiyo niliona kilichofuata. Jike lilibaki peke yake. Likawa linakwenda upande huu kufukuza, upande ule unafunguka. Samaki wadogo wa mawe, ambao dakika moja kabla walikuwa wamekaa mbali kwa heshima, wakaanza kuingia mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Wingu likatoboka katikati, likakatika vipande viwili, kikabaki kimoja. Niliporudi kuvuta pumzi na kutazama tena, jike lilikuwa linazunguka mahali patupu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Usiku ule tulimla kuhe yule, sitawadanganya kwamba tulimtupa. Alikuwa mtamu. Lakini fundi pikipiki, ambaye kwa kawaida haongei, alisema, "Leo tumekula elfu kadhaa." Tangu hapo tuna kanuni yetu wenyewe: kuhe mwenye watoto haguswi, na anayemgusa ananunua mafuta ya boti miezi mitatu. Kanuni hiyo inawafunga watu wanne. Mbele ya mwamba wetu kuna vijana wengine, na wengine, mpaka kusini kabisa, na wao kuhe anayekuja mbele mwenyewe wanamwona ni zawadi. Hakuna karatasi yoyote ya serikali ninayoweza kuwaonyesha nikawaambia, "Soma hapa." Nikiwaambia ni vibaya, wananijibu kwamba hata mkuki wenyewe ni haramu, sasa haramu ndani ya haramu ina ubaya gani?

Waheshimiwa, swali hilo mimi limenishinda. Nawapa ninyi.

Mwaka 2024 serikali, kwa makubaliano na wenzetu wa Kongo, Burundi na Zambia, ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Najua watu walilalamika, na njaa ya mtu huwezi kuijadili ukiwa umeshiba. Sisi tulitundika mikuki, hatukuingia. Sina ugomvi na hatua ile. Dagaa na migebuka wanahitaji kupumua. Lakini mlango wa kalenda unafungwa kwa wavu, kwa sababu wavu hauna njia nyingine ya kujizuia. Mzazi wa kuhe hatazami kalenda. Akiwa na watoto Oktoba, anahitaji ulinzi Oktoba. Mtu wa mkuki anaweza kumpa ulinzi huo siku yoyote ya mwaka, bila doria, bila mafuta ya boti ya serikali, kwa kuinua tu mkono wake na kupita. Mkiandika mstari mmoja kwamba ni kosa kumpiga samaki anayelinda mayai au watoto, mmefunga ziwa mahali panapostahili kufungwa na kuacha wazi palipobaki.

Najua mtakachojibu, maana nimekisikia kwenye benchi la kahawa kutoka kwa mtu anayeielewa kazi yenu kuliko mimi. Alisema: "Sawa, mkuki unachagua. Lakini unachagua nini? Unachagua mkubwa. Na mkubwa ndiye mwenye mayai mengi." Hapo alinikamata. Ni kweli kabisa. Mtu wa mkuki ana kiburi, anataka picha. Wavu wa matundu halali humwacha mdogo apite. Mkuki ukiachwa huru humwondoa bibi wa ukoo. Kwa hiyo simwombei mkuki uhuru, namwombea kanuni zenye pande mbili: ukubwa wa chini, na kwa kuhe na sangala, yule jamaa wa sangara wa humu ziwani kwetu, ukubwa wa juu pia, atakayepita hapo aachwe azeeke.

Na msidanganywe na mtu yeyote atakayewaambia kwamba chini ya maji anapima kwa jicho. Kioo cha miwani kinamkuza samaki kwa kama theluthi moja, na kumleta karibu kuliko alipo. Kila mzamiaji ana hadithi ya samaki aliyekuwa mkubwa chini akawa wa kawaida kwenye mtumbwi. Sisi tumepiga alama za rangi kwenye ufito, kila sentimita kumi, na kabla ya kuachia mpira tunamlinganisha samaki na ufito, maana ufito nao unakuzwa kwa kiasi kile kile. Ni jambo la rangi ya shilingi elfu mbili. Kanuni inaweza kulidai kwa kila mkuki, kama mnavyodai mizani sokoni.

Mengine tunayokubali yapigwe marufuku bila mjadala, na niyataje haraka kwa kuwa hayana ubishi. Mtungi wa hewa na kompresa: mtu anayepumua chini ya maji hana mpaka, atamaliza mwamba mzima. Tochi usiku: samaki wa mawe usiku amelala, kumpiga ni kumwibia. Bunduki ya mpira yenye kifyatulio, ile inayofika mbali, sisi hatuihitaji. Mkiizuia ziwani hatutalia. Kuuza: wekeni idadi, sisi tunapendekeza samaki wanne kwa mtu kwa siku, na wasiuzwe. Mkuki ukiingia sokoni umeshakuwa kokoro lenye ncha.

Lakini kuna jambo moja ambalo haliko kwenye hesabu ya samaki, nalo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Kanuni kuu ya urafiki wetu majini ni mmoja chini, mmoja juu. Haizami mikuki miwili kwa wakati mmoja. Aliye juu hana kazi nyingine: hatafuti samaki, hachezi, macho yake yako kwa aliye chini mpaka atoke na kuvuta pumzi tatu. Watu wanadhani mzamiaji akikosa hewa atajisikia, atatapatapa, atapanda. Siyo. Ukihema haraka haraka kabla ya kuzama, kama mtu anayepuliza mkaa, hewa safi haiongezeki sana. Unachofanya ni kuitoa ile hewa chafu ambayo kazi yake ni kukupigia kelele urudi juu. Kelele inachelewa. Unajiona bingwa. Na ukianza kupanda, kanieneo la maji linapungua, maana mita kumi chini ni mara mbili ya juu, na ile oksijeni kidogo iliyobaki kifuani inapoteza nguvu yake njiani. Taa inazimika mita chache kabla ya kufika, au hata baada ya kufika, mtu akiwa uso juu ya maji, anatabasamu.

Ilimpata mwalimu. Alikuwa na sekunde mbili juu ya maji, nikamwona macho yamegeuka, kidevu kikashuka, akaanza kurudi chini polepole. Na maji haya hayambebi mtu. Fundi alimdaka kwapani. Tulimwinua kidevu, tukavua miwani, tukampuliza usoni, tukamwita jina kwa nguvu. Alivuta pumzi kama mlango mbovu unaofunguliwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko wapi?" Alimaanisha samaki. Tulimtukana mpaka ufukweni.

Sasa sikilizeni kwa nini nawaambia hili ninyi badala ya kumwambia mkewe, ambaye mpaka leo hajui, na nadhani atajua akisoma hapa. Siku ile hatukuwa na dumu la njano. Mikuki ilikuwa imeshachukuliwa mara moja, tulikuwa tumetengeneza mipya, na tulikuwa tunajificha. Dumu la njano linaonekana kilomita moja. Ni kama kutundika bango: hapa kuna wahalifu. Kwa hiyo tuliliacha nyumbani. Tulikwenda mbali na mwalo, nyuma ya mawe, mahali ambapo mtu hapiti. Tulipokuwa tumemshika mwalimu kichwa juu, boti ya abiria yenye injini ilipita karibu nasi kiasi cha kusikia redio yao. Nahodha hakutuona, na angetuona kwa kipi? Vichwa vitatu vyeusi kwenye maji yenye mng'ao.

Marufuku haikututoa majini. Ilitutoa kwenye usalama tu. Kijana mwingine mwoga kuliko sisi angekwenda peke yake kabisa, maana siri ya mtu mmoja ni rahisi kutunza, na huyo ndiye tutakayemchimbia kaburi bila kujua alizama wapi. Jirani zetu Kenya walipiga marufuku bunduki za samaki mwaka 2001, pamoja na nyavu za kuburuza ufukweni. Zaidi ya miaka ishirini imepita na vijana wa pwani yao bado wanaingia nazo baharini, kwa sababu ni zana ya asiye na mtumbwi wala mtaji. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwondoa kwa karatasi. Unaweza kumwandikisha.

Hilo ndilo ombi lenyewe: tuandikisheni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 zinajua leseni, zinajua daftari la BMU, zinajua chombo chenye namba. Hapa Kigoma kuna wazamiaji wanaoshuka kukamata samaki wa mapambo, wakawapakia hai kwenye mifuko ya plastiki wakaenda kuogelea kwenye matangi ya vioo Ulaya. Kazi hiyo ina utaratibu wake na sipingi. Lakini kama karatasi imepatikana kwa samaki anayekwenda kupamba sebule ya Mjerumani, kwa samaki wa sufuria ya mama mkwe wa mwalimu nayo inaweza kupatikana.

Fanyeni kibali kidogo cha mwaka, cha bei ambayo kijana wa kibanda cha pesa anaweza kuilipa. Kitolewe kwa watu wawili wawili, kamwe kisitolewe kwa mmoja, ili sheria yenyewe imlazimishe mtu awe na mwenzake. Mkuki uwe na namba iliyochomwa kwa moto kwenye ufito na alama za sentimita. Boya la rangi liwe lazima, na asiyekuwa nalo ndiye atozwe faini. Mialo itaje wapi mkuki uingie na wapi usiingie kabisa. Sehemu za mazalia ziachwe. Na kila mwisho wa mwezi tulete karatasi: tulizama wapi, tulipiga nini, tuliacha nini. Hilo la mwisho ndilo la thamani kwenu kuliko mnavyodhani. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Kigoma. Nani mwingine anaweza kuwaletea kila mwezi habari ya jozi ngapi za kuhe zimeonekana na watoto, kwenye mwamba upi, kina gani? Wavu unaleta maiti tu, na hauwezi kueleza alikuwa anafanya nini alipokamatwa.

Na kwa kuwa ziwa ni la nchi nne, na nchi hizo zilikwisha tia saini mkataba mwaka 2003 na kuweka Mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, mstari ule wa kuhe mwenye watoto upelekeni huko pia. Kuhe wa Kigoma hana pasipoti, na wavuvi wa Kalemie kule Kongo na wa Mpulungu kule Zambia wanamjua kwa majina yao wenyewe na kwa utamu ule ule.

Kwa wenyeviti wa BMU nina neno la pembeni. Najua mnatuona watoto wa mjini tuliokuja kuchezea riziki ya watu. Pengine mna haki; mvuvi wa kweli halali usiku ili mtoto aende shule, mimi nalala vizuri nauza misumari. Lakini mara mbili tumekuta kokoro limenasa mawe mchana wa Jumamosi, na mara zote mbili tuliwapigia simu, na mlikuja. Macho yetu chini ya maji ni yenu pia, bure. Tulipotoka majini mara ya pili mwenyekiti mmoja alitupa chai. Hatukusahau chai ile, ingawa mikuki tuliificha nyuma ya jiwe wakati tunakunywa, naye akajifanya haoni.

Kuhusu ile mikuki minne: hatudai irudishwe. Mpira umeshakauka, na ufito mmoja ulikuwa umepinda tangu zamani. Tunachodai ni jibu kwa maandishi kwa swali moja, ili afisa wa mwalo asilazimike tena kuandika kinachofanana: mkuki wa mkono, usio na kifyatulio, wa mtu anayeshuka kwa pumzi yake, kwenye maji baridi, ni zana gani mbele ya sheria? Mkisema haramu, semeni kwa jina lake. Mkisema halali kwa masharti, yaandikeni masharti.

Na kabla hamjajibu, njooni mtazame. Jumamosi yoyote ya mbalamwezi inatufaa, saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Hatutabeba mkuki siku hiyo, msihofu. Tunajua jozi moja ya kuhe iliyo mita nne tu chini, mbele ya jiwe lenye ufa; wiki iliyopita watoto wao walikuwa wadogo kama punje za mtama. Miwani tunayo ya ziada miwili, na mapezi namba 42 na 44. Mwenye mguu mkubwa kuliko huo aje na yake.

Wenu,
mmoja wa wazamiaji wanne,
Kigoma